Urari wa Ziwa Lisilo na Mlango

Katika uhakiki wa ushairi wetu neno urari halikosekani: urari wa vina, urari wa mizani, kule kulingana kwa sehemu ambako sikio hukutambua kabla akili haijamaliza kuhesabu. Mhasibu naye ana urari wake, na mtaalamu wa maji ana wake, anapoandika upande mmoja maji yote yanayoingia bondeni na upande wa pili yote yanayotoka, kisha akadai tofauti yake ilingane na badiliko la ujazo wa ziwa. Matumizi haya yanaishi mbalimbali kama ndugu wasiotembeleana, na nadhani ni hasara, maana zipo matini ambazo hazisomeki barabara mpaka yakutanishwe. Mojawapo ni mlinganyo wa maji ya Ziwa Rukwa, pamoja na njia za kitarakimu za kuutatua. Ninakusudia kuusoma kama ninavyosoma shairi la arudhi: umbo la sentensi yake, uteuzi wa vigeu vyake, namna unavyojirudia, na deni ambalo kila uteuzi unaliacha kwenye jibu.

Anayesimama kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa, mashariki ya Sumbawanga, ana maziwa mawili pembeni mwake ingawa macho yake yanaona moja tu. Nyuma yake, magharibi, ng'ambo ya nyanda za juu za Ufipa, liko Tanganyika, lenye kina kinachofika mita 1,470 na mlango mmoja wa kutokea, mto Lukuga, unaoyapeleka maji Kongo. Mlango huo uliwahi kuziba: mpelelezi Cameron aliufikia mwaka 1874, mwingine, Stanley, akaukuta mwaka 1876 umesongwa na mafunjo na tope, na kabla mwongo ule haujaisha maji yakawa yameupasua na ziwa likaanza kushuka. Mbele yake, kama mita 1,000 chini ya miguu yake, limelala Rukwa. Mito inaliingia kutoka pande zote, Songwe na Momba kusini, Kavuu na Rungwa kaskazini, na hakuna hata mmoja unaotoka. Kina chake ni cha mita chache tu, sakafu yake ni tambarare, maji yake ni ya magadi. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa kama kilomita 48; mwaka 1939 ulikuwa umefika kama kilomita 128. Mbuga ambazo ziwa hili huzifunika na kuziachia ni miongoni mwa mazalio makuu ya nzige wekundu katika Afrika, na vijiji vya bondeni vinahamisha mashamba na madau kuufuata ufuo usiotulia. Ziwa la namna hii lina haki ya kuandikiwa mlinganyo wake lenyewe.

Sentensi ya msingi ni fupi. Ujazo wa sasa ni ujazo wa mwanzo, kujumlisha yote yaliyoingia tangu hapo, kutoa yote yaliyotoka tangu hapo. Maneno "yote" na "tangu hapo" ndiyo yanayobebwa na alama ya integrali, ile S iliyorefushwa ambayo Leibniz aliichukua kutoka neno la Kilatini lenye maana ya jumla. Ugumu unaingia kimyakimya kupitia neno "yaliyotoka". Katika ziwa lisilo na mlango mnywaji ni jua, na jua hunywa kwa eneo: uso ukiwa mpana hunywa mengi, ukiwa mwembamba hunywa kidogo. Eneo linategemea kina, na kina ndicho tunachokisaka. Basi hicho tunachokisaka, nitakachokiita kisakwa kwa ufupi, kinasimama pande zote mbili za alama ya usawa: upande wa kushoto peke yake, kama kiima cha sentensi, upande wa kulia ndani ya jumla, kama shahidi wa historia yake mwenyewe. Hatuwezi kuijua jumla mpaka tukijue kisakwa, wala hatuwezi kukijua kisakwa mpaka tuijue jumla. Mlinganyo wa namna hii nauita usionyooka, kwa sababu mchoro unaohusisha kisakwa na kile kinacholiwa na jua ni wa kujipinda, na kujipinda huko kumechongwa na sakafu ya ziwa.

Kuna jambo la kisarufi linalostahili kutazamwa kabla ya hesabu. Katika milinganyo ya integrali ya aina ya Fredholm mipaka yote miwili ya jumla imefungwa, na kila nukta inazisikia nukta nyingine zote, zilizotangulia na zijazo. Katika aina ya Volterra, ambayo yeye mwenyewe aliichambua katika makala zake za mwaka 1896, mpaka wa juu wa jumla ni "sasa", nao unasogea pamoja na msomaji. Mlinganyo wa Volterra hauna njeo ya wakati ujao. Unazo -li- na -me- tu. Mlinganyo wa Rukwa ni wa aina hii, na njia yoyote ya kuutatua inayosahau nidhamu hii ya njeo, ikaanza kukopa kutoka kesho, inaonyesha mara moja kwamba haikuisoma sentensi.

Ili tuusome kwa karibu, tuchukue mfereji wa kubuni, mpana juu na mwembamba chini kama herufi V, ambamo eneo la uso wa maji hukua sawasawa na kina. Jua, baada ya kuondoa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, linakunywa mita 1 kwa mwaka. Mito inaleta maji ya kutosha kulishikilia ziwa kwenye kina cha mita 3. Lakini ukame umelishusha hadi mita 1, na leo mito imerudi kwa nguvu yake ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja kina kitakuwa kiasi gani? Namba hizi nimeziteua mwenyewe ili zihesabike kwa kalamu kwenye daftari la miraba. Rukwa halisi ina sakafu tambarare kuliko V yangu, na kwa hiyo kila shida nitakayoionyesha hapa kule ni kubwa zaidi.

Sentensi ile inaweza kuandikwa kwa namna mbili, na hapa ndipo uhakiki unapoanza hasa. Namna ya kwanza inaongea kwa kina, k:

k(t) = 1 + ∫ [3/k(s) − 1] ds,

jumla ikianzia 0 na kuishia t. Kigawanyo k kiko pale kwa sababu maji ya mto yanayoingia hutandazwa juu ya uso mzima: uso ukiwa mwembamba, ndoo ileile hupandisha kina zaidi. Namna ya pili inaongea kwa mraba wa kina, u, ambao katika mfereji wa V hukua sambamba na ujazo:

u(t) = 1 + 2 ∫ [3 − √u(s)] ds.

Kimantiki sentensi hizi mbili ni moja. Ukizitatua kikamilifu kwa logaridhi zote zinatoa jibu lilelile, mita 1.959 baada ya mwaka mmoja, na jibu hilo nitalitumia kama kipimo. Tofauti yao ni ya fani tupu, na ni tofauti ya fani ninayotaka kuitetea kama jambo zito.

Njia kongwe kuliko zote za kuitatua sentensi yenye kisakwa pande mbili ni ile iliyopewa sura yake kamili na Émile Picard katika mwaka 1890, ya makadirio mfululizo. Chukua kisio lolote, hata la kijinga. Liweke upande wa kulia. Piga hesabu ya jumla. Upande wa kushoto utakutolea kisio jipya. Lichukue hilo, lirudishe upande wa kulia, na uendelee. Anayezijua bahari za ushairi wetu atalitambua umbo hili: ni pindu, ambayo wengine huiita mkufu au nyoka, ambamo kipande kinachofunga ubeti huwa ndicho kinachofungua ubeti unaofuata. Mfanano huu una mpaka wake, na mpaka huo unafundisha. Mtunzi wa pindu anasonga mbele, kila ubeti una habari mpya, na mkufu unaweza kukatwa popote. Picard hasongi mbele. Kila ubeti wake unausimulia mwaka uleule kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, ukisahihisha simulizi ya ubeti uliotangulia, na shairi lina mahali linapokwenda kutulia.

Nimeufuata mkufu huo kwa kalamu. Ubeti wa kwanza unadai kwamba kina kilibaki mita 1 mwaka mzima. Tukiongea kwa kina, ubeti wa pili unakosea kwa shauku: kwa kuwa uliambiwa uso ni mwembamba siku zote, unaona maji ya mto yakirundikana na unatangaza mita 3. Ubeti wa tatu, ulioambiwa ziwa lilipanuka haraka hivyo, unayatandaza maji mno na kutangaza mita 1.648. Wa nne unapanda hadi 2.074. Tazama mwendo: juu, chini, juu, na kila ruko ni fupi kuliko lililotangulia. Hii haikutokea kwa bahati. Upande wa kulia wa sentensi hupungua kadiri kisakwa kinavyoongezeka, kwa hiyo kila ubeti uliotia chumvi huzaa ubeti ulionyima, na ukweli hufungiwa katikati ya beti mbili zinazofuatana. Ni adabu ya kupendeza katika njia ya hesabu: inakupa jibu, na papo hapo inakupa ukuta ambao kosa la jibu hilo haliwezi kuuvuka. Wachache miongoni mwa waandishi wetu wa nathari wanatutendea hivyo.

Sasa tuongee kwa ujazo, tukibadilisha majibu kuwa kina ili tulinganishe. Ubeti wa kwanza ni uleule, mita 1. Wa pili unatoa 2.236. Wa tatu, 1.899. Wa nne, 1.969. Maruko ni yaleyale, juu na chini, lakini ubeti wa nne umekosea kwa sentimita 1 tu, wakati ubeti wa nne wa simulizi ya kina ulikosea kwa sentimita 12. Kazi ya kalamu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni neno lililowekwa mahali pa kiima.

Sababu inaonekana kwa anayetazama mteremko wa kile kinachojumlishwa. Kina kikiwa mita 1, badiliko dogo la kisakwa hukuzwa mara 3 katika simulizi ya kina na mara 1 katika simulizi ya ujazo. Kina kikishuka hadi sentimita 10, ambayo kwenye kingo za Rukwa si habari ngeni, ukuzaji unakuwa mara 300 katika simulizi ya kwanza na mara 10 katika ya pili. Mgawanyo kwa k unageuka mlipuko. Kipeuo cha pili cha u kinabaki kizito lakini kinashikika. Mvuvi anayesukuma mtumbwi kwa upondo anakijua kina kwa kiganja chake, na ni haki yake kuuliza kwa lugha ya kina, kwa kuwa kina ndicho kinachoamua kama mtumbwi utakwama. Lakini urari si wa kina. Mto hauleti mita, unaleta maji. Jua haliondoi mita, linaondoa maji. Mita ni kivuli ambacho maji hayo yanakiangusha kwenye sakafu yenye umbo fulani. Anayeandika sentensi kwa ujazo ameiweka mizani mahali ambapo mizani ipo kweli, na kujipinda kwa sakafu kumebaki sehemu moja tu ya sentensi, ndani ya √u, badala ya kutapakaa. Ndiyo sababu ninaiona sentensi ya pili kuwa bora kifani, na ninaona kwamba ubora huo ulikuwapo kabla tarakimu hazijauthibitisha.

Uthibitisho mwingine unatoka kwenye njia isiyo na subira ya Picard. Kanuni ya trapeza inasema: katika kipande kifupi cha muda, badala ya kujumlisha yote yaliyopita kwenye kipande hicho, chukua wastani wa mwanzo wake na mwisho wake. Mwisho ndio usiojulikana, kwa hiyo kila hatua inaacha mlinganyo mdogo wa aljebra wa kutatuliwa. Nilichukua mwaka mzima kuwa hatua moja, jambo ambalo hakuna mhesabu makini angelifanya, ili nione umbo linavyostahimili kubanwa. Katika simulizi ya ujazo mlinganyo unaobaki ni huu: k² = 6 − k. Mwanafunzi wa sekondari anauvunja kwa mabano mawili, na majibu yake ni 2 na −3. Mita 2 dhidi ya 1.959: kosa ni sentimita 4, kwa hatua moja. Katika simulizi ya kina, trapeza ileile inatoa mita 2.186, kosa la karibu sentimita 23. Nikiukata mwaka vipande viwili, simulizi ya ujazo inatoa 1.969, na kosa linashuka kutoka sentimita 4 hadi 1, yaani hadi robo yake, kama kanuni ya trapeza inavyoahidi: punguza hatua kwa nusu, kosa litapungua mara nne.

Lile jibu la pili, −3, halipaswi kutupwa kabla ya kutazamwa. Ni kina cha ziwa lililo chini ya sakafu yake lenyewe, na limezaliwa kwa sababu kuweka u mahali pa k² kumesahau ishara: mraba wa 3 na mraba wa −3 havitofautiani. Kila mlinganyo usionyooka una uwezo huu wa kusema zaidi ya ulichoulizwa, na mashine ya kutatulia, ikianzishwa mahali pabaya, inaweza kulifuata jibu hilo la kizimwi kwa utiifu wote na kulitoa kama habari. Ndiyo maana kisio la kwanza, ambalo vitabu vingi hulipitia kwa nusu sentensi, lina uzito wa kifani sawa na ule wa mstari wa kwanza wa utenzi: linaamua ni katika ulimwengu upi tutasimuliwa. Tukianza na mita 1, tumo ndani ya ziwa.

Zipo njia zenye kasi zaidi, nazo nitazitaja kwa ufupi kwa sababu haziligeuzi umbo la sentensi, zinaharakisha usomaji wake tu. Newton, ambaye Kantorovich alimpanulia uwanja katika mwaka 1948 ili njia yake iweze kukisaka kisakwa ambacho ni mchoro mzima badala ya namba moja, anatumia mteremko kuruka moja kwa moja mahali anapodhani ukweli upo. Ana kasi ya ajabu akiwa karibu na anapotea akiwa mbali. Njia inayonivutia zaidi ni ya Donald Anderson, aliyeiandika mwaka 1965 kwa ajili ya milinganyo hiihii ya integrali isiyonyooka: badala ya kila ubeti kuusahihisha ule uliotangulia peke yake, unachukua beti kadhaa zilizopita, unazipima kwa makosa yao, na kuzichanganya. Kwa mkufu wetu unaoruka juu na chini hili ni tiba ya wazi, kwa kuwa yeyote aliyeziona mita 1.648 na 2.074 kwa pamoja angejua pa kutafuta.

Narudi kwenye simulizi ya ujazo, kwa kuwa nimeisifu sana na bado ina doa moja ambalo mhakiki hana ruhusa ya kulificha. Tuseme mito imekatika kabisa. Ndani ya mabano inabaki √u peke yake ikiwa na ishara ya kutoa, na ziwa linashuka mita 1 kwa mwaka bila kupunguza mwendo: lenye mita 2 linakauka katika miaka 2, siku inayoweza kutajwa kwenye kalenda. Maziwa mengi ya vitabuni hukaribia ukavu pole kwa pole na kamwe hayafiki, hili linafika. Baada ya hapo u ni sifuri na inabaki sifuri. Sasa mwambie msomaji aliyeikuta sakafu kavu aisome sentensi kinyumenyume: ziwa lilikauka lini? Sentensi haina jibu. Jana, mwaka jana, miaka kumi iliyopita, kila tarehe inatimiza mlinganyo kwa usahihi uleule, kwa kuwa kwenye sifuri mteremko wa √u hauna kikomo na njia zote zilizoshuka zimeungana kuwa moja. Kwenda mbele, jibu ni moja tu na halina shaka. Kurudi nyuma, ni mengi yasiyohesabika. Ziwa lililoandikwa namna hii, likikauka, limepoteza kumbukumbu yake yote.

Ninalihesabu hili kuwa kasoro ya matini, kwa sababu bonde lenyewe halisahau hivyo. Mwanzoni mwa Holosini, enzi ya mvua kubwa, Rukwa ilipanda mpaka ikamwagikia Tanganyika upande wa Karema, na kingo zake za zamani bado zinasomeka kwenye miteremko juu sana ya maji ya leo. Kule juu uwandani, mkulima wa Kifipa naye amejenga kilimo chake juu ya kutosahau: anazikusanya nyasi mvua zinapokaribia kwisha, anazifukia katika matuta ya mviringo yaitwayo ntumba, anapanda maharage juu yake, na msimu unaofuata anayatawanya matuta hayo ili ulezi au mahindi yale kile ambacho nyasi zimegeuka kuwa. Rutuba ya shamba la leo ni jumla ya nyasi za misimu iliyopita, kila msimu ukiwa na uzito wake kulingana na umbali wake. Mwanahisabati angeuita uzito huo kiini cha integrali: ile sehemu ya sentensi isiyojali nini kilitokea ila inajali kilitokea muda gani uliopita. Mlinganyo wetu wa ziwa haukuwa na kiini. Kila siku iliyopita ilipewa uzito mmoja, na hapo ndipo kumbukumbu ilipotelea.

Kiini kinachohitajika kipo kwenye tope. Maji yanaporudi juu ya ufuo uliopasuka kwa jua, ardhi hufyonza kwanza kwa pupa kisha polepole, na kwa makadirio mazuri kasi ya kufyonza hupungua kinyume na kipeuo cha pili cha muda tangu ukanda ule ufunikwe. Ukanda uliofunikwa leo asubuhi unakunywa kwa nguvu. Uliofunikwa mwaka jana umeshiba. Kwa hiyo sentensi lazima iongezwe kishazi kimoja: kutoa, kwa kila ukanda uliofunikwa wakati s, kiasi kinacholingana na upana wake, kikigawanywa kwa √(t − s). Huyu ni mgeni tunayemfahamu. Abel alimkuta mwaka 1823 alipokuwa akitafuta umbo la mteremko kutokana na muda wa kuuteremka, na tangu hapo kiini hiki kina jina lake. Pamoja nacho sentensi ya Rukwa imepata kumbukumbu na kutonyooka kwa wakati mmoja, kwa kuwa upana wa ukanda unaofunikwa unategemea kina, na kina kinategemea ni maji kiasi gani yamemezwa na kanda zote zilizotangulia.

Trapeza inaanguka hapa, na inafaa kutazama inavyoanguka. Inataka kuchukua wastani wa mwanzo na mwisho wa kila kipande, lakini mwisho wa kipande cha mwisho ni "sasa" yenyewe, ambapo s inalingana na t na kigawanyo ni sifuri. Inaambiwa itie kwenye wastani kitu kisicho na ukomo. Wasio makini huikwepa nukta hiyo, wakaanzia hatua moja nyuma, na kosa lao hupungua kwa mwendo wa kobe hata wakate hatua vipi. Suluhisho zuri ni la kifani: gawanya kile kilicho ndani ya jumla kuwa sehemu mbili, ile kali na ile tulivu; sehemu kali ni kiini, nacho tunakijua kikamilifu, kwa hiyo kijumlishwe kikamilifu; sehemu tulivu ni kisakwa, na hicho peke yake ndicho kikadiriwe kwa mistari mifupi. Jumla ya kiini cha Abel juu ya kipande chenye urefu d kinachoishia sasa ni 2√d, namba ya kawaida kabisa, ndogo na tiifu. Ukali ulikuwa wa nukta moja na haukuwa wa jumla. Ninaipenda mbinu hii kwa uadilifu wake: inakadiria kile isichokijua, na kwa kile inachokijua haikubali kukadiria.

Gharama yake ni kusoma upya. Katika sentensi isiyo na kiini, anayejua ujazo wa leo anaweza kuitupa jana, na hatua 100 ni hatua 100. Palipo na kiini, kila hatua inazirudia zote zilizotangulia na kuzipa uzito upya, kwa kuwa kila moja imekuwa kongwe zaidi kwa hatua moja: hatua 100 zinadai masomo 5,050, hatua 1,000 zinadai zaidi ya 500,000. Wahandisi wana haki ya kutafuta njia za kufupisha. Mimi kwenye daftari langu nilifika hatua ya nane, kalamu ikitembea safu nzima kutoka juu kila mara, na nilipokuwa nikiandika uzito wa ukanda wa kwanza kwa mara ya nane, ukiwa umepungua lakini haujaisha, nilielewa kwa mkono kile ambacho nilikuwa nimekielewa kwa jicho tu.

Na lile doa la ziwa kavu? Ukavu nao hushuka ardhini kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha muda: tope lililokaa juani miaka 4 limekauka kwenda chini takriban mara mbili ya lililokaa mwaka 1. Kwa hiyo maziwa mawili yenye u sawa na sifuri, moja lililokauka jana na moja la tangu zamani, yanaianza sentensi kwa neno lilelile, lakini kishazi cha tope kina namba tofauti katika kila moja, na jumla inapaswa kuanzia kabla ya maji kurudi, kwenye miaka ambayo simulizi ya ujazo ilikuwa kimya. Mito ikifunguka, ziwa la kiu ya muda mrefu litachelewa kupanda. Sentimita zinazokosekana mwaka ule wa kwanza, kati ya kina ambacho urari wa mito na jua uliahidi na alama ya maji kwenye upondo, ndizo tarehe ya kukauka kwake, na zinaweza kuhesabiwa kurudi nyuma.